Waya Ulioingia Ukutani

Jumatatu, saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, fundi wa kompyuta alikuwa amepiga magoti mbele ya seva, ndani ya kijichumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya mifagio. Bado kilinuka sabuni. Bisibisi ilikuwa mdomoni, kompyuta ndogo mapajani, na chai sakafuni, imefunikwa kwa daftari isiingie vumbi. Alikuwa anangoja.

Saa mbili na dakika tano faili la kwanza likaingia. Taa ndogo ya kijani ikacheza, ikatulia. Dakika tisa baadaye likaingia la pili.

Kwa wiki tatu sasa mafaili arobaini na moja yalikuwa yakiingia kila siku ya kazi kwenye seva ya ofisi hii ya maji, na hakuna mtu aliyekubali kwamba ndiye anayeyatuma. Yalikuwa mazito, na diski ilikuwa ya zamani, imebakiza nafasi ya kujikunia tu. Mkurugenzi alimpigia simu Jumamosi. Alisema Ijumaa wageni wa makao makuu wanakuja kutoa cheti cha ofisi isiyo na malalamiko, mwaka wa kumi na nane mfululizo, na hataki wakute mashine imevimbiwa.

Fundi hakuwa ameyafungua mafaili. Fundi mwema hafungui barua za watu, anaangalia uzito wake na njia yake tu. Aliandika saa kwenye daftari kwa siku nzima, kisha akaenda kumwonyesha katibu muhtasi, mama mnene mpole aliyeitwa Bi Funguo kwa sababu ya mzigo uliokuwa ukilia kiunoni mwake.

"Huyu anaanza saa mbili na dakika tano," fundi alisema. "Saa nne anasimama robo saa. Saa saba anasimama saa nzima. Saa tisa na dakika ishirini na tano anaacha. Jumapili hagusi kitu. Hiki si kirusi, Bi Funguo. Kirusi hakinywi chai."

"Basi si mtu wa hapa," Bi Funguo alisema. "Hapa saa mbili na dakika tano watu bado wanaulizana hali za nyumbani."

Ofisi hii ilikuwa ya saba kati ya ofisi ambazo fundi alizihudumia kwa mkataba. Sita alizitafuta mwenyewe. Hii ilimtafuta yeye, na alikaa wiki nzima bila kujibu simu yao, kwa sababu mama yake aliwahi kuwa karani hapa. Asubuhi moja, miaka kumi na minane iliyopita, mama aliweka maharage jikoni, akamwambia binti yake wa miaka kumi na mitano ayaangalie, akaenda kazini, hakurudi. Ofisi ilisema alitoka saa tisa na nusu kama watu wote. Mtaa ulisema ameondoka na fundi pampu. Baba hakusema kitu. Hata hivyo kodi ya kibanda cha fundi haikuwa inajilipa, mwisho akajiambia kwamba ofisi ni ofisi na kuta hazina kosa, akaja.

Jumanne asubuhi alifuata njia ya mafaili kwa kurudi nyuma. Ikamfikisha kwenye swichi, kile kisanduku chenye matundu ya nyaya za mtandao, tundu la tisa. Hapo alikumbuka. Wiki tatu nyuma, alipofunga swichi hiyo mpya, alikuta waya mmoja wa buluu unaning'inia peke yake, umejaa vumbi. Waya unaoning'inia ulimkera kama kifungo kilichokatika. Akauchomeka, basi. Hakuuliza wa nani. Sasa aliufuta kwa kidole na kuona kipande cha karatasi kimefungwa kwa uzi, kimeandikwa kwa kalamu: Malalamiko.

"Idara ya malalamiko iko wapi?" alimuuliza Bi Funguo.

"Hatuna. Tuna maoni." Bi Funguo alifikiri. "Na maoni nayo kwa sasa hatuna."

Fundi akaomba ngazi, akapandisha kichwa juu ya dari. Kulikuwa na kinyesi cha popo, kandambili ya mguu wa kushoto na waya wa buluu uliokwenda mbele bila kupinda, juu ya ukumbi wote, hadi kati ya chumba cha Bi Funguo na chumba cha ramani. Hapo ulishuka ukaingia ukutani.

Kwenye ukuta huo, usawa wa kifua, kulikuwa na mdomo wa sanduku la barua, mwembamba, wa bati lililopakwa rangi mara nyingi. Fundi akiwa bado juu ya ngazi, mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuja akatumbukiza bahasha, akaenda zake bila kuangalia nyuma. Bahasha ilichukua muda kufika chini. Kisha kikasikika kiti kikivutwa.

"Bi Funguo," fundi alisema, "huku ndani kuna nini?"

"Ukuta."

"Na hiyo sauti?"

"Panya."

"Panya anavuta kiti?"

"Ni panya wa zamani," alisema Bi Funguo, na akarudi kwenye barua yake.

Fundi alishuka, akatoka nje, akahesabu madirisha ya upande ule. Yalikuwa saba. Akarudi ndani akahesabu vyumba. Vilikuwa sita. Dirisha la saba lilikuwa limepakwa rangi ileile ya ukuta, vioo na kila kitu, na mtu aliyelipaka alikuwa fundi mzuri, kwa maana kingo zilinyooka. Aligonga kioo. Rangi ikarudisha sauti ya tofali.

Basi akarudi kwenye kijichumba cha seva, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika ofisi zote saba. Alifungua faili.

Ilikuwa barua ya mkazi wa mtaa fulani. Alisema maji ya bomba yanatoka na rangi ya chai ya maziwa, kwamba alishaandika mara mbili, kwamba mara hizo mbili aliandika akiwa na watoto watatu na sasa ana wawili, na anaomba ajibiwe kabla hesabu haijabadilika tena. Chini ya picha ya barua, maneno yote yalikuwa yamepigwa chapa upya bila kosa hata moja. Na chini kabisa, pembeni kulia, palikuwa na kistari kirefu na neno moja: Imesomwa.

Fundi alilijua neno hilo na kistari chake. Lilikuwa kwenye ripoti zake zote za shule, pembeni kulia. Lilikuwa kwenye risiti za umeme, kwenye kadi za harusi walizoalikwa, hata kwenye kikaratasi alichowahi kumwandikia mama yake akiwa na miaka tisa kuomba msamaha kwa kuvunja kioo. Mama hakuweza kusoma kitu akakiacha bila kukiambia kwamba kimesomwa.

Aliandika namba ya nyumba yao kwenye sehemu ya kutafutia. Yakaja mafaili kumi na manne.

Baba yake, yule ambaye hakusema kitu, alikuwa ameandika. Aliandika kila mwaka, mwezi uleule, kwa mwandiko uliokuwa ukiegemea zaidi kila mwaka unavyopita. "Mimi ni mume wa karani wenu. Naomba kujua alipo. Kama ameondoka kwa hiari yake sitamfuata, nataka tu niwaambie watoto jambo la kweli." Ya mwisho ilikuwa na umri wa miaka minne, mistari miwili tu. Chini ya kila moja: Imesomwa. Inamhusu karani mwenyewe, ambaye haruhusiwi kushughulikia shauri lake. Inapelekwa juu.

Zote kumi na nne zilikuwa zimetumwa siku ya kwanza kabisa waya ulipochomekwa, kabla ya barua nyingine yoyote.

Fundi alikaa sakafuni. Mkono wake wa kushoto ulikufa ganzi hadi kiwikoni, na akauangalia kama mzigo ambao mtu amemwachia amshikie. Alitaka kunywa chai, akanywa maji ya kusafishia vioo, akayatema, akaifuta sakafu vizuri. Alisoma maandishi ya ubavuni mwa seva, mwaka ilipotengenezwa na nguvu za umeme inazokula. Aliyasoma mara nyingi. Ilipofika saa nne, watu wote wa ukumbini walikwenda kantini. Yeye akaenda kwenye mdomo wa sanduku, akainama.

"Hodi."

"Barua tumbukiza tu," sauti ikasema kutoka ndani. "Haihitaji hodi."

"Sina barua."

"Basi maelezo yanatolewa mapokezi."

"Mama."

Kulikuwa na kijiko kinachokoroga kikombe huko ndani. Kikaacha.

"Nani?"

"Ni mimi."

"Sauti yako imekuwa nzito," mama alisema.

"Nina miaka thelathini na mitatu."

"Hongera mwanangu." Kisha akauliza, "Yale maharage ulikumbuka kuyaepua?"

"Yaliungua."

"Nilijua tu. Na sufuria ile ilikuwa ya bibi yako."

Fundi aliegemeza paji la uso kwenye bati. Lilikuwa la baridi. Aliuliza ilikuwaje, na mama akamweleza kwa mpangilio, kama mtu anayesoma jalada. Mwaka ule kulikuwa na barua mia mbili na kumi na moja kuhusu maji ya rangi ya chai. Mkuu wa kitengo alimtaka aandike kwenye taarifa ya mwaka kwamba malalamiko hakuna. Alisema hawezi kuandika hivyo na barua ziko mezani. Mkuu akasema vizuri, zisajili zote, na usitoke mpaka umalize. Akafunga mlango ili asisumbuliwe na mtu. Mchana waashi wakaja.

"Hukupiga kelele?"

"Niligonga siku tatu. Siku ya nne jirani akanigongea kutoka upande wake, akaniomba nipunguze, wana kikao. Nikaona haya."

"Unakula nini, mama?"

"Njaa haikuingia. Walipoziba ilibaki huko nje. Uzee nao sijauona. Hii chai ni ileile niliyoingia nayo, naikoroga tu ifikapo saa nne ili siku iwe na katikati."

Vidole vikatokea kwenye mdomo wa sanduku, vitatu, mpaka kwenye kifundo cha kwanza, kwa kuwa nafasi ilikuwa ya upana wa bahasha. Vilikuwa vidole vya mwanamke wa miaka thelathini na minane. Kimoja kilikuwa na wino. Fundi aliweka vyake juu yake, na vyake ndivyo vilivyokuwa vizee, vina makovu ya risasi ya moto ya kuchomelea nyaya.

"Umekonda," mama alisema.

"Ni kazi."

"Baba yako ameacha kuandika. Mwaka wa nne huu. Nikasema pengine amechoka, na kuchoka ni haki yake."

"Baba amefariki, mama. Shinikizo la damu. Alikuwa amekaa tu kibarazani."

Vidole vikarudi ndani. Baadaye, alipoangalia kumbukumbu za seva, fundi aliona kwamba siku hiyo, kwa mara ya kwanza, faili la saa nne na robo lilichelewa dakika kumi na moja.

"Nipe tarehe," mama alisema.

"Tarehe ya nini?"

"Nifunge jalada lake. Lisikae wazi."

Akampa tarehe. Sauti ya vibonye vya mashine ikasikika, polepole, kisha ikanyamaza.

"Nitakutoa," fundi alisema.

"Nitatoka mlango ukiwepo. Ila usigombane na watu kazini kwao."

Mlinzi wa lango alikuwa mzee mrefu wa zaidi ya miaka sitini, wote wakimwita Babu Lango. Ndiye aliyempokea fundi siku ya kwanza, akamwambia ana macho ya mama yake, akampa kiti chake mwenyewe akalie. Fundi alimkuta anachonga penseli, kitabu cha kuingia na kutoka kimelazwa mbele yake.

"Babu, siku ile mama alipotoka, ulimwona?"

"Kitabu kinasema alitoka."

"Wewe sikuulizi kitabu."

Babu Lango alipuliza unga wa penseli. "Mjukuu wangu, watu hapa wanasahau kusaini wakitoka. Wana haraka, wana watoto. Kitabu kisipofunga, anayeulizwa ni mimi. Kwa hiyo aliyesahau namfungia siku yake. Naandika saa tisa na nusu, naweka saini. Wote nawafanyia. Mwenyewe mama yako alikuwa ananishukuru."

"Baba alikuja kuuliza."

"Nikamwonyesha saini."

"Saini yako."

"Saini yake, kwa mkono wangu." Alisema bila kujitetea, kama anavyosema mtu kwamba mvua ilinyesha. "Aliitazama sana. Akasema ndiyo, mwandiko ni wake. Niliwahi kuwa na mkono mzuri."

"Na hukuwahi kusikia kitu ndani ya ule ukuta? Miaka yote hii?"

"Nilisikia. Nikaja hapa nikafungua kitabu, kinasema ametoka. Sasa kati ya sikio langu na kitabu cha serikali, mimi ni nani?" Alimsogezea kiti. "Kaa basi. Umekuwa mweupe kama chaki."

Fundi hakukaa. Alitembea hadi nyumbani kwa miguu, saa moja na nusu, akapita kwake akaendelea mpaka mwisho wa lami, ndipo akageuka.

Jumatano saa saba mchana alikuja na mwashi. Alikuwa mtu mfupi mwenye maneno mengi, ana nyundo, patasi na ndoo, na alipoambiwa nyuma ya ukuta yuko mama mtu, aliuliza tu kama amekaa karibu na ukuta au mbali, ili ajue ukali wa kupiga. Mama akasema kupitia sanduku kwamba atasogeza meza.

Mwashi akapiga. Tofali la kwanza lilitoka vizuri, la pili na la tatu vilevile. Nyuma yake kulikuwa na ukuta mwingine. Akasema hutokea, wajenzi wengine wana hofu. Akauvunja. Nyuma yake kulikuwa na mwingine, na plasta yake haikuwa na vumbi. Watu waliorudi kutoka kula walizunguka kifusi wakiinua sketi na suruali. Bi Funguo aliuliza kama watafagia. Mkubwa wa ramani alisimama akala ndizi yake yote akitazama, akasema kazi nzuri, akaingia kwake.

Ukuta wa nne ulikuwa wa kijivu na unyevu. Mwashi aliweka kiganja juu yake, akakitoa kimejaa saruji mbichi. Akakinusa. Akaanza kukusanya vifaa vyake.

"Unakwenda wapi?" fundi aliuliza.

"Dada, mimi navunja ukuta uliojengwa. Huu bado unajengwa." Alifuta mkono kwenye ndoo. "Anayejenga mtafute umwambie aache. Mimi nyundo yangu haimfikii."

Hakutaka malipo. Hadi saa tisa na nusu tofali zilizovunjwa zilikuwa zimerudi mahali pake, na pale palipopigwa palikuwa pamepakwa rangi. Mdomo wa sanduku ulibaki wazi kama kawaida, hata haukuchubuka.

Alhamisi fundi alikwenda kwa Mkurugenzi. Ndiye yule aliyekuwa mkuu wa kitengo miaka ile. Alikuwa amezeeka kwa heshima, ana mvi za pembeni na sauti ya mtu anayelea wajukuu, na alimwagizia maji kabla hajaketi.

"Chanzo cha mafaili umekipata?"

"Nimekipata. Ni mama yangu. Yumo ukutani."

Mkurugenzi alitikisa kichwa taratibu. "Bado anasajili?"

"Bado."

"Alikuwa mchapakazi," alisema. "Sijapata karani mwingine kama yule. Unajua sikuajiri mwingine?"

"Ulimfungia."

"Hapana, mwanangu, hapo tusikoseane. Nilimpa kazi. Ukuta uliombwa na watu wa ramani, ukachorwa na mchoraji, ukajengwa na waashi, na kila mmoja ana karatasi yake." Alifungua kabati, akatoa mchoro, akautandaza juu ya meza. "Tazama mwenyewe. Hapo hakuna mlango. Hakuna mtu. Wangejuaje? Nami nilipopita jioni nikauliza karani yuko wapi, nikaletewa kitabu cha lango. Ametoka saa tisa na nusu."

"Lakini ulijua hakutoka."

Mkurugenzi alikunja mchoro kwa kufuata mikunjo yake ya zamani. "Nilijua barua hazijaisha," alisema.

Fundi alisema ukuta uvunjwe, na wavunjaji wawe watu wa ofisi, kwa amri yake. Mkurugenzi akasema kuvunja ukuta wa ofisi kunahitaji ombi la maandishi. Ombi la mtu wa nje huingia kama malalamiko. Fundi akaandika palepale, akasaini, na Mkurugenzi akamwonyesha kwa mkono, kwa adabu, njia ya kwenda kwenye sanduku.

Alitumbukiza. Bahasha ikachukua muda kufika. Kiti kikavutwa. Dakika tisa baadaye, kwenye seva, likaingia faili jipya. Chini yake paliandikwa: Imesomwa. Inamhusu karani mwenyewe, ambaye haruhusiwi kushughulikia shauri lake. Inapelekwa juu.

"Mama," alisema kwenye bati, "ungepitisha tu hii moja."

"Nikipitisha langu, hizi nyingine zitasemaje?" mama alisema. "Huyu mwenye watoto wawili, nitamwambia nini?"

Wageni wa makao makuu walikuja Ijumaa saa tatu, watu watatu, wawili wa kubeba mikoba na mmoja wa kusema. Ukumbi ulikuwa umepigwa deki. Kiongozi wao alikuwa mwanamke mwenye kope za uchovu ambaye alishatoa vyeti vitano wiki hiyo. Mkurugenzi alipokuwa anaanza hotuba, fundi alisogea mbele na kusema kwamba ofisi hii ina malalamiko elfu kumi na tisa, na karani wa malalamiko amezibwa ndani ya ukuta huu miaka kumi na minane. Alisema kwa sauti ya kawaida.

Hakuna aliyemzuia. Bi Funguo aliangalia funguo zake. Babu Lango, aliyekuja kubeba viti, alivua kofia.

Kiongozi wa wageni hakuonekana kuchukia. Alikwenda kwenye ukuta, akakunja magoti kidogo, akasema kwenye mdomo wa sanduku, "Bibi, habari za kazi?"

"Nzuri," sauti ikajibu.

"Nimeambiwa uko humo. Una malalamiko?"

"Yapo elfu kumi na tisa na mia mbili na nne. Yote yamesajiliwa, yametumwa juu. Hakuna hata moja lililojibiwa."

"Yameshatumwa. Vizuri." Mgeni alitikisa kichwa. "Na wewe mwenyewe, binafsi?"

Fundi alikuja karibu, akaweka kiganja ukutani. "Sema, mama," alisema. "Sema tu neno moja."

"Langu karani haruhusiwi," mama alisema. "Ningekuwa mtu wa nje ningesema."

Mgeni akanyooka, akavuta nyuma sketi yake. "Basi yeye hana," aliwaambia wenzake, "na haya mengine yameshatumwa juu, kwa hiyo hapa hayapo." Mmoja wa wenye mikoba akaandika. Cheti kikatolewa, kikapigwa picha. Watu wakapiga makofi, ya kutosha, si mengi.

Walipokwenda kunywa soda, fundi alibaki amesimama palepale, kiganja ukutani, mpaka ukuta ukapata joto. Mkurugenzi alimjia. Alikuwa na karatasi ya kuagizia vifaa mkononi.

"Ile mashine," alisema kwa upole. "Ama uuchomoe ule waya, ama tuone njia nyingine. Mimi sikulazimishi. Fungu la kuvunja kuta halipo mwaka huu. Fungu la diski lipo, na halijaguswa."

Fundi aliwaza kumpiga. Aliwaza kulala pale sakafuni. Aliwaza waya unaning'inia tena juu ya dari, na mashine huko ndani inatuma, na hakuna inapofika.

Akaichukua karatasi.

Muuza diski alikuwa mtaa wa pili, kijana mchangamfu, akamwambia hiyo ndiyo kubwa kuliko zote, ataichoka yeye kabla haijajaa. Fundi aliifunga saa nane mchana, akaijaribu, akahamisha barua zote moja baada ya nyingine, za baba yake zikiwa za kwanza. Akakaza skrubu nne. Kisha akaenda ukutani.

"Mama, nimeweka diski mpya."

"Kubwa?"

"Kwa mwendo wako itachukua miaka arobaini."

Vibonye vikaacha kulia. Mama alikuwa anapiga hesabu, na fundi alimsikia akihesabu kwa mnong'ono, kama alivyokuwa akifanya jikoni akigawa nyama.

"Arobaini," mama alisema. "Barua zitabana, lakini tutajitahidi."